Damu Ikipigwa na Mwanga, Nani Anapata Moto?

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazazi na wanafunzi wa sayansi, Kigoma Mjini. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikaongeza kidogo pale muda uliponibana.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wahudumu wa afya, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu wanafunzi mliokaa huku mbele, asalamu aleikumu, na Bwana asifiwe.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangwa zahanati moja ya huku mkoani kwetu, ndani kabisa, barabara ambayo masika yakikolea hata pikipiki inasukumwa. Usiku mmoja wa Aprili akaja mama na mtoto wa miaka kama mitatu, mwili unawaka, macho yameingia umanjano, mtoto analia sauti ndogo ya kuchoka. Vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa vimeisha tangu wiki iliyotangulia. Nikamchoma kidole, nikaweka tone nene kwenye kioo, nikasubiri likauke. Halikauki. Nje mvua, ndani ukungu, kila kitu kinatoa jasho. Dakika ishirini zimepita na tone bado linang'aa. Mama ananitazama. Nikafanya lile nililokatazwa chuoni: nikakichukua kioo nikakipitisha juu ya jiko la mkaa ambalo mlinzi alikuwa anachemshia chai. Mara ya kwanza, mara ya pili, tone likakauka. Nikalitia rangi ya Giemsa, nikasuuza, nikadondosha mafuta, nikateremsha lenzi ya hadubini inayokuza mara mia.

Sikuona kitu. Mnaofanya kazi maabara mnajua tone nene linavyotakiwa kuwa. Ile rangi ina maji, na maji hupasua chembe nyekundu, uwekundu wote hutoka ukaenda zake, kinabaki kiwanja cheupe chenye chembe nyeupe za damu na vimelea kama vipo. Kioo changu kilikuwa kimejaa kahawia nzito kutoka pembe hadi pembe. Damu ilikuwa imeiva. Hemoglobini ilikuwa imeng'ang'ania kioo kama yai linavyong'ang'ania kikaango kisicho na mafuta, na vimelea, kama vilikuwepo, vilikuwa vimefunikwa humo. Ikabidi nimchome mtoto yule kidole cha pili. Kioo cha pili nilikipepea kwa daftari la wagonjwa mpaka mkono ukaniuma, na safari hii niliona: vimelea vimejaa, pete juu ya pete. Alipata dawa, asubuhi akapelekwa kituo cha afya, akapona. Lakini muda ule niliompotezea sijausahau, maana kwa mtoto mwenye malaria kali nusu saa ni kitu kikubwa.

Leo nimeitwa kuzungumza juu ya leza, ule mwanga wa rangi moja unaotengenezwa na mashine, na damu. Wengine mmesikia leza inasafisha damu, wengine mmesikia inaigandisha, wengine inaiunguza, na juzi mwanafunzi mmoja kaniuliza kama ni kweli siku hizi malaria inapimwa kwa mwanga bila kuchoma kidole. Yote nitakayosema yananing'inia kwenye swali moja. Mwanga ukiingia kwenye damu, nani anapata moto?

Toeni simu zenu. Washeni tochi, zibeni mwanga kwa vidole viwili vilivyobanana, na wewe kijana wa dirishani vuta pazia. Mnaona? Vidole vimekuwa vyekundu kama kaa la moto. Tochi ya simu inatoa mwanga mweupe, maana yake ndani yake kuna bluu, kuna kijani, kuna njano, kuna nyekundu. Vyote vimeingia kidoleni, lakini upande wa pili imetoka nyekundu tu. Nyingine ziko wapi? Zimenywewa njiani, na mnywaji mkubwa ni hemoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mkitaka kujua damu inapenda rangi gani, angalieni ile isiyotoka. Wanafunzi wa fizikia waandike: kila rangi ya mwanga ina namba yake, urefu wa wimbi lake, nao hupimwa kwa nanomita. Hemoglobini yenye oksijeni hunywa mwanga kwa nguvu sana karibu na nanomita 415, kisha tena kwenye 542 na 577, yaani zambarau, kijani na njano. Ukifika kwenye nyekundu ya nanomita 650 inakunywa kidogo mno, ndiyo maana nyekundu imepenya kidole chako ikakufikia jichoni.

Wavuvi wetu watashangaa kidogo hapa, kwa sababu ziwani mambo ni kinyume. Taa ya dagaa ikimulika maji ya Tanganyika, nyekundu ndiyo inayokufa mapema na bluu ndiyo inayoshuka chini. Maji yana mdomo wake na damu ina mdomo wake. Kila kitu hunywa mwanga wake.

Na mwanga ulionywewa haupotei. Unageuka joto. Hili halihitaji maabara. Nendeni Kibirizi saa saba mchana, pale wanapoanika dagaa, mkanyage mchanga mweupe kwa mguu mtupu, halafu mkanyage jiwe jeusi lililo pembeni yake. Jua ni lilelile moja. Jiwe limekunywa zaidi, basi jiwe linaunguza zaidi. Mkilishika hilo la jiwe na mchanga, mmeshika nusu ya elimu ya leza.

Sasa damu ikipata joto inafanyaje? Mwilini iko nyuzi 37 za sentigredi. Mtu mwenye homa kali anafika 40 au 41 na chembe zake nyekundu zinavumilia. Tatizo linaanza ukikaribia 50. Chembe nyekundu ina umbo la sahani iliyobonyea katikati, upana wake mikromita 7 au 8 hivi, na sahani hiyo imeshikiliwa ndani na wavu wa protini iitwayo spektrini. Kwenye nyuzi 49 au 50 wavu huo unalegea. Chembe inaota vichipukizi, vichipukizi vinakatika, na kile kilichokuwa sahani moja kinakuwa vipande vya duara vya kila ukubwa. Mjerumani Max Schultze aliliona hilo kwa hadubini mwaka 1865. Endelea kupasha mpaka 60, 70, na protini zenyewe zinaanza kufumuka na kushikana. Hemoglobini inaacha wekundu, inakuwa kahawia, damu inakuwa uji, kisha kitu kigumu. Ukifika 100 maji yaliyomo yanachemka na kutoa mapovu ya mvuke. Ukizidi hapo sana unabaki na mkaa.

Naomba nisimame kidogo kwenye neno. Vitabu vingi na watu wengi husema leza “inagandisha damu”, na nimeona neno hilo likiwapoteza hata wauguzi. Damu inaganda pale unapojikata kisu: mwili unafuma nyuzinyuzi, chembe zinanaswa, kidonda kinazibika. Hiyo ni kazi ya damu iliyo hai, na baadaye mwili wenyewe unaweza kuliyeyusha donge lile. Joto la leza linafanya jambo jingine kabisa. Linaivisha. Maini mabichi na maini yaliyotoka kikaangoni, angalia rangi, angalia ugumu, hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Kiswahili kimetupa maneno mawili, kuganda na kuiva, na mimi nashauri tuyatumie yote mawili kila moja mahali pake, kwa sababu mgonjwa aliyeambiwa damu yake itagandishwa anaogopa kiharusi, wakati daktari alimaanisha kuivisha kamshipa kadogo kasikozidi unywele.

Na kuna jambo la hatari kidogo katika kuiva huku. Chuma kilichomo ndani ya hemoglobini hubadilika damu inapopashwa. Kinapoteza elektroni moja, sawa na chuma kinachoshika kutu, na hemoglobini ya namna hiyo huitwa methemoglobini. Rangi yake ni kahawia kama kutu kweli. Sasa kahawia hiyo inakunywa mwanga ambao damu nyekundu ilikuwa inauacha upite, hasa ule mwanga usioonekana wa nanomita 1,064 unaotumiwa na leza moja maarufu hospitalini. Maana yake ni nini? Maana yake damu iliyoanza kuiva inakuwa na kiu zaidi. Mpigo wa kwanza wa leza umeibadilisha, mpigo wa pili unakuta mnywaji mkubwa kuliko wa kwanza, na joto linaruka. Daktari asiyelijua hilo anaweza kurudia mpigo uleule kwa nguvu ileile akashangaa ngozi imeungua. Ndiyo hivyo pia kwa wanaotibu mishipa ya miguu iliyotuna: wanaingiza uzi mwembamba wa kioo ndani ya mshipa, mwanga unatokea kwenye ncha, damu inaivia pale nchani mpaka inakuwa mkaa, na mkaa, kama lile jiwe la Kibirizi, unakunywa kila rangi.

Leza yenyewe ina umri wa babu zenu wa sasa, enyi wanafunzi. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza huko California mwezi Mei 1960, kwa kijiti cha yakuti nyekundu. Sitakaa sana hapo. Tochi hutawanya mwanga wa rangi zote pande zote, leza hutoa mwanga wa rangi moja, unaokwenda pamoja, na unaweza kuukata ukawa mpigo mfupi kupita kufumba jicho mara milioni. Kilichobadilisha tiba ni huo ufupi wa mpigo, na walioueleza vizuri ni Rox Anderson na John Parrish, Wamarekani wawili, mwaka 1983.

Wazo lao nitawaeleza kwa kikaango. Dagaa ukiwatoa kwenye mafuta wanapoa kabla sahani haijafika mezani. Mgebuka, samaki mkubwa kuliko dagaa, atakuunguza ulimi robo saa baadaye. Kitu kidogo kinapoteza joto upesi, kikubwa kinalitunza. Chembe nyekundu moja ikipashwa inapoa ndani ya makumi ya mikrosekunde. Kamshipa ka unene wa sehemu ya kumi ya milimita kanahitaji milisekunde chache. Kwa hiyo, walisema, chagua rangi ambayo kitu unachokitaka kinainywa kuliko jirani zake, kisha piga mpigo mfupi kuliko muda wa kitu hicho kupoa. Hapo joto litabaki palepale, halitawahi kuwafikia majirani. Mtoto aliyezaliwa na alama nyekundu usoni, ile inayotanda kama kamwagiwa maji ya zambarau, alama ile ni vimishipa vilivyotanuka. Unapiga njano ya nanomita 585 au 595 kwa sehemu ndogo ya sekunde, damu iliyomo inaiva pamoja na kuta za mshipa, ngozi ya juu inabaki. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaunguza vyote na kuacha makovu.

Inabaki ngozi ya juu, nimesema, na hapa lazima nisimame tena kwa sababu mimi na ninyi si weupe. Rangi yetu ni melanini, na melanini inakunywa mwanga huohuo wa kijani na njano. Mwanga ukitumwa kwenda kwa damu unapita kwanza mlangoni kwa melanini, na melanini haimwachii mtu apite bure. Leza iliyopangwa kwa ngozi ya Mzungu ikaletwa kwa ngozi yangu bila kurekebishwa, atakayepata moto ni ngozi. Malengelenge, madoa, kovu. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi madaktari wazoefu hupendelea ule mwanga wa nanomita 1,064, ambao melanini inaunywa kidogo, hupoza ngozi wakati wa kupiga, na hujaribu sehemu ndogo kwanza. Mtu akikuahidi kukupiga leza hapo mtaani, muulize amewahi kuitumia kwa ngozi kama yako. Una haki ya kuuliza.

Na suala hili halikai kwenye urembo tu. Kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni, ambacho sote tulikijua wakati wa korona, kinafanya kazi kwa mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, kikisoma jinsi damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni zinavyotofautiana katika kunywa mwanga. Hakipashi damu moto, kinasoma tu. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Karibu mara tatu. Mtu anakata pumzi, mashine inasema yuko sawa. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kifaa kinachopita kwenye ngozi kikitengenezwa bila kutufikiria, kitakosea kwetu na hakuna atakayejua kwa nini.

Sasa tuje kwenye malaria.

Mnajua hali yetu. Utafiti wa malaria wa kitaifa wa 2017 ulipopima watoto wa miezi 6 hadi 59, Kigoma ndiyo ilikuwa juu kuliko mikoa yote: katika kila watoto 100, kama 24 walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Mwaka 2022 jirani zetu wa Tabora ndio wakawa juu, 23 katika 100. Ni reli moja, ni mbu walewale.

Kimelea cha malaria kinaingia ndani ya chembe nyekundu na kula hemoglobini. Kinakula protini, lakini kile kipande chenye chuma, kiitwacho himi, ni sumu kwake. Hakiwezi kukitema, hakiwezi kukiacha kizagae. Kinafanya ujanja: kinakipanga kuwa fuwele, kokoto nyeusi ndogo ndogo zisizo na madhara kwake. Kokoto hizo zinaitwa hemozoini. Mimi nimeziona maelfu ya mara. Kwenye kioo kilichotiwa rangi vizuri, kimelea kina kiini chekundu na mwili wa bluu, na kikikomaa, katikati yake kuna kidoa cha kahawia ya dhahabu, kinameta ukicheza na skrubu ya hadubini. Wakati mwingine vimelea huvioni, unakuta chembe nyeupe imemeza kokoto zile, nawe unajua kimelea kilipita hapa.

Weusi huo ndio uliowaongoza wakubwa wa kazi hii tangu mwanzo. Mjerumani Meckel aliuona mwaka 1847 kwenye damu ya marehemu bila kujua ni wa nani. Mfaransa Laveran, daktari wa jeshi huko Constantine, Aljeria, alikuwa anaufuatilia weusi huohuo mwaka 1880 ndipo akakiona kimelea chenyewe kikitikisika. Na Ronald Ross, India, tarehe 20 Agosti 1897, alikuta punje zilezile nyeusi kwenye tumbo la mbu akajua ameshika mwisho wa uzi. Wote watatu walifuata kokoto.

Basi ulizeni lile swali letu. Nikipiga mwanga kwenye damu yenye malaria, nani anapata moto? Nikichagua rangi ambayo hemoglobini inaiacha ipite, nyekundu au ile isiyoonekana, na mpigo mfupi usiozidi sehemu ya bilioni moja ya sekunde, jibu ni kokoto. Kokoto ni jiwe jeusi la Kibirizi lililolala kwenye mchanga. Inapata moto ghafla, maji yanayoizunguka yanageuka mvuke, kinazaliwa kipovu kidogo kuliko chembe yenyewe, kinapanuka, kinapasuka. Kama punje ya bisi. Na kikipasuka kinatoa mlio. Sikio la binadamu halisikii, lakini kifaa cha kupokea mawimbi ya sauti kikigusishwa kwenye ngozi kinasikia. Dmitri Lapotko na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walieleza jambo hilo mwanzoni mwa 2014 baada ya kulijaribu kwa damu ya binadamu na kwa panya walioambukizwa, wakipiga mwanga kupitia ngozi ya sikio la panya. Chembe zisizo na kimelea zilikaa kimya.

Kundi jingine, la Vladimir Zharov huko Arkansas, lilikwenda njia ya ndugu yake: bila kungoja povu, linasikiliza ile sauti ndogo ya kitu kilichopata joto kikatanuka, damu ikiwa inapita mshipani. Kifaa chao kilipelekwa Kameruni kwa watu wazima 20 wenye malaria, na matokeo yakachapishwa 2024. Nilipoyasoma nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa ile ya panya, na mmeshajua kwa nini. Walikijaribu kwenye ngozi nyeusi. Kifaa cha kupimia malaria kwa mwanga kisichovuka melanini hakina kazi Kigoma.

Nisiwadanganye kwamba kitafika kesho. Kuna tatizo ambalo mtu wa hadubini analiona mara moja. Malaria yetu kubwa, ile ya falsiparumu, vimelea vyake vikiwa vichanga, vile vyenye umbo la pete, vina hemozoini kidogo mno. Vikikomaa na kujaza kokoto, haviko tena kwenye mzunguko wa kawaida. Vimejishikiza kwenye kuta za vimishipa vya ndani, kwenye ubongo, kwenye kondo la nyuma la mama mjamzito. Yaani vinavyopita chini ya mwanga ndivyo vyenye kokoto chache. Ndipo wahandisi wanapohangaika. Kwa hiyo leo kipimo ni kilekile, cha haraka au cha kioo, na tiba ni dawa ya mseto mpaka kidonge cha mwisho. Binti mmoja hapa mbele ameniuliza, kama povu linapasua chembe yenye kimelea, kwa nini tusiwatibu watu kwa leza. Swali zuri. Povu linapasua kweli, lakini mwanga unaingia milimita chache tu, na kimelea kilichojificha kwenye ubongo hautakifikia.

Nimalizie na shangazi yangu, anayekaa eneo la Mwanga hapa mjini kwetu, ambaye ameniruhusu kusema.

Mwaka juzi aliuziwa saa ya mkononi yenye vitaa vyekundu upande wa chini. Muuzaji alimwambia ni leza, inapenya mshipani, inapasha damu, inaisafisha na kushusha presha. Alilipa fedha ya mbegu za msimu mzima. Kibaya zaidi, aliacha vidonge vya presha. Baada ya miezi miwili alianza kuumwa kichwa cha kupasuka, macho yanaona ukungu. Nilipompima nilikaa chini kabla ya kumwambia namba.

Nilichukua karatasi nikapiga naye hesabu, na leo nawapigia. Tuseme saa ina vitaa kumi, kila kimoja miliwati 5. Jumla miliwati 50. Ukiivaa nusu saa, yaani sekunde 1,800, umepata nishati ya juli 90. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na kuipandisha joto nyuzi moja kunahitaji juli zaidi ya 18,000. Hata kama mwanga wote ungeingia kwenye damu bila kupotea hata chembe, joto lingepanda nusu ya sehemu moja ya mia ya nyuzi moja. Na joto hilo halibaki hapo, maana damu ya mkononi haikai. Moyo unaisukuma, dakika moja imezunguka mwili mzima. Kikombe kimoja cha chai, robo lita, cha nyuzi 60, kinamtia shangazi juli 24,000. Ni zaidi ya mara 250 ya ile saa. Nani anapata moto? Hakuna. Na kama ingekuwa kweli inaipasha damu yake, ingekuwa heri zaidi aivue, maana nimeshawaambia kinachotokea kwenye nyuzi 50.

Shangazi amerudi kwenye vidonge. Presha imeshuka. Saa ile nimeileta, iko mezani, anayetaka kuishika aishike.

Pembeni yake kuna hadubini na vioo viwili. Kimoja ni kioo cha kufundishia, tone nene la malaria lililokaushwa kwa hewa. Tafuteni kokoto ndani ya vimelea vikubwa, zungusheni skrubu taratibu mpaka zimete. Cha pili ni damu ya kidole changu mwenyewe, niliikausha jana jioni juu ya jiko la mkaa, kwa makusudi. Wazee watangulie, wanafunzi mpange mstari nyuma yao, na asiyeona vizuri aniite nimrekebishie lenzi.